Ziwa moja linaingia nyumbani, jingine linaacha vumbi: Nakuru na Salt Lake City

Swali: "Nimezaliwa Nakuru, upande wa Mwariki, na sasa naishi Salt Lake City, Utah, na watoto wangu. Kwetu ziwa lilipanda likaingia kwenye boma la mama mpaka akahama. Huku nako kila mwaka tunaambiwa ziwa linakauka na vumbi lake lina sumu. Yote mawili ni maziwa ya chumvi, na nimesoma kwamba hayana mto unaotoka. Inakuwaje moja lifurike na jingine likauke? Hilo vumbi niliogope kwa ajili ya watoto? Na mama anataka kurudi kujenga palepale kwa kuwa maji yamepungua. Nimwambieje?"

Jibu:

Dada, kwanza pole kwa yaliyompata mama. Mafuriko ya ziwa ni mabaya kwa namna yake. Maji ya mto huja kwa kishindo, yakaharibu, yakaenda zake kwa siku chache. Maji ya ziwa huja polepole bila kelele na yakishaingia hukaa miaka.

Swali lako la kwanza lina jambo ndani yake ambalo tulitazame kabla ya kwenda mbali: kwamba Nakuru ni ziwa la kufurika na lile la Utah ni la kukauka. Mwaka 1963 Ziwa Kuu la Chumvi, yaani hilo lililoupa mji wako jina, lilishuka mpaka kiwango cha chini kabisa kilichokuwa kimewahi kupimwa. Watu wa wakati ule nao waliuliza kama ndiyo mwisho wake. Miaka 24 baadaye lilikuwa limepanda zaidi ya mita 6, likafunika hifadhi ya ndege kwenye mdomo wa mto Bear, likatishia barabara kuu na reli, mpaka serikali ya jimbo ikatumia takriban dola milioni 60 kujenga kituo cha pampu cha kusukuma maji yaende jangwani upande wa magharibi. Pampu zilianza kazi Aprili 1987 na kuzimwa 1989. Waulize majirani zako waliozidi miaka 50, watakusimulia pia masika ya 1983, theluji ilipoyeyuka kwa mpigo, kijito cha City Creek kikajaa, na State Street ikageuzwa mto kati ya kuta za magunia ya mchanga.

Nakuru nayo, katikati ya miaka ya 1990, ziwa lilikauka karibu lote. Mama atakumbuka vumbi jeupe la magadi lililokuwa likipeperuka mchana na heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, waliohamia Ziwa Bogoria. Kuanzia 2010 mambo yakageuka, na ndani ya miaka kumi hivi ziwa likapanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi karibu 68. Kwa hiyo kila ziwa kati ya haya mawili limewahi kuwa kwenye hali ya mwenzake, na katika umri wa mtu mmoja. Hiyo ndiyo tabia ya maziwa ya aina hii. Kinachotofautiana sasa ni sababu, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Ziwa Victoria linapokea mito mingi na kutoa maji kwa mto Naili pale Jinja. Likijaa kidogo, Naili hubeba zaidi. Likipungua, Naili hubeba kidogo. Mlango huo hulituliza ziwa, na maji yanayotoka hutoka na chumvi zake, ndiyo maana Victoria ni la maji matamu. Hata Naivasha, jirani yenu, ambalo halina mto unaoonekana ukitoka, maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Nakuru na Ziwa Kuu la Chumvi hayana mlango wowote isipokuwa hewani. Jua ndilo linalotoa maji, nalo hutoa maji matupu; kila chembe ya chumvi iliyoletwa na mito kutoka kwenye miamba hubaki. Weka sufuria ya maji ya kisima jikoni ichemke hadi ikauke, kisha rudia hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata ziwa la namna hii.

Chumvi zenyewe hazifanani. Ya Utah kwa sehemu kubwa ni ileile ya mezani. Ya Nakuru ni magadi, kwa sababu mito yenu hupita kwenye majivu na miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi. Ndiyo maana Nakuru inakua mimea midogo ya kijani-buluu anayoila heroe, na Utah wanaishi uduvi wadogo wa maji ya chumvi na nzi wa ufukweni, ambao hulisha mamilioni ya ndege wanaohama kila mwaka. Mayai ya uduvi hao huvunwa na kuuzwa duniani kote kama chakula cha vifaranga vya samaki na kamba wa kufugwa.

Sasa fikiria ziwa lisilo na mlango. Mvua au theluji ikizidi, maji hayana pa kwenda ila kupanda na kusambaa mpaka uso wa ziwa uwe mpana kiasi cha jua kuweza kumaliza yote yanayoingia. Mvua ikipungua, ziwa husinyaa mpaka uso wake uwe mdogo kiasi cha kutosheka na kinachoingia. Ziwa Kuu la Chumvi hupoteza karibu mita moja ya kina kila mwaka kwa mvukizo, na mwaka wa kawaida hurudishiwa kiasi kilekile. Ukiongeza au kupunguza kidogo upande mmoja, ziwa lote husogea.

Na husogea mbali, kwa kuwa yote mawili ni mapana na mafupi kwa kina. Ziwa la Utah, hata likiwa katika hali nzuri, sehemu yake ya ndani kabisa ni kama mita 10. Ufuko wake ni tambarare kabisa, kwa hiyo kushuka kidogo tu kunaweza kuacha nchi kavu ya mwendo wa kilomita. Kati ya kiwango cha juu kabisa cha miaka ya 1980 na cha chini kabisa cha Novemba 2022 kuna tofauti ya mita 7 tu hivi za kimo. Lakini eneo lilitoka karibu kilomita za mraba 8,500 hadi takriban 2,300. Mwariki ni vilevile kwa kipimo kidogo: mteremko ni mdogo sana, hivyo ziwa likipanda mita moja linaingia ndani hatua nyingi ambazo mtu aliyesimama ufukweni hakuzitarajia.

Miji yote miwili imejengwa juu ya sakafu ya ziwa la kale. Nakuru na Elmenteita ziliwahi kuwa ziwa moja lenye kina kirefu, enzi za mvua nyingi miaka elfu kadhaa iliyopita, na sehemu kubwa ya mji wa leo ingekuwa chini ya maji. Huko Utah kulikuwa na ziwa ambalo wanajiolojia wanaliita Bonneville, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50,000 na kina cha zaidi ya mita 300. Takriban miaka 18,000 iliyopita lilivunja ukingo wake wa kaskazini, Red Rock Pass, likamwagika Idaho kwa mafuriko makubwa. Ukitazama milima ya Wasatch jioni, jua likiwa limeinama, utaona mistari iliyolala sambamba mlimani kama ngazi. Hiyo ni fukwe za ziwa hilo. Nakushauri uwaonyeshe watoto. Mwanajiolojia G. K. Gilbert alitumia miaka mingi kuisoma mistari hiyo na kazi yake iliyochapishwa 1890 bado inaheshimiwa.

Wahamiaji wa Kimormoni, wakiongozwa na Brigham Young, walifika bondeni Julai 1847. Hawakukuta nchi tupu. Washoshone, Waute na Wagoshute walikuwa wakiishi humo na kulijua ziwa. Mji ukaitwa Great Salt Lake City, na neno la kwanza likaondolewa 1868. Tangu wiki ya kwanza walifanya jambo ambalo ndilo jibu la nusu ya swali lako: waligeuza maji ya vijito yaende mashambani. Bonde lile hupata milimita 400 hivi za mvua na theluji kwa mwaka, na kiangazi ni kikavu. Bila umwagiliaji usingekuwapo mji.

Mito mitatu ndiyo hulilisha ziwa: Bear, Weber na Jordan. Yote hutegemea theluji ya milimani. Leo sehemu kubwa ya maji yanayochukuliwa humo kabla ya kufika ziwani, karibu theluthi mbili au zaidi, hutumika kwenye kilimo, hasa kwa majani ya mifugo: alfalfa, ambayo wafugaji wa Kenya huijua kama lusini. Yanayobaki hugawanywa kati ya miji, nyasi za mbele ya nyumba, viwanda, na mabwawa ya kukaushia madini kandokando ya ziwa lenyewe. Watafiti wa Utah waliochapisha hesabu yao 2017 walikadiria kwamba matumizi ya binadamu tangu walowezi walipofika yameshusha ziwa kwa takriban mita 3.4 na kulipunguzia karibu nusu ya maji yake. Ukame wa miaka ya karibuni na joto linaloongezeka vimezidisha. Lakini hesabu ya mvua peke yake haionyeshi ziwa linalokauka, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu kila mara ziwa likishuka husikika sauti za kulaumu mbingu.

Mwanzoni mwa 2023 kundi la wanasayansi lilionya kwamba kwa mwendo ule ziwa lingeweza kutoweka ndani ya miaka 5. Majira hayohayo ya baridi theluji ikaanguka kwa wingi kuliko miaka yote iliyorekodiwa Utah, na ziwa likapanda zaidi ya mita moja na nusu. Wengi walipumua. Kufikia 2025 lilikuwa linashuka tena. Theluji ya mwaka mmoja hulipa deni la mwaka mmoja. Mifereji huchota kila mwaka. Bunge la jimbo limefanya mambo ya maana: 2022 lilipitisha sheria inayomruhusu mkulima kukodisha haki yake ya maji ili yaachwe yatiririke mpaka ziwani bila yeye kupoteza haki hiyo, likatenga dola milioni 40 kwa ajili ya mfuko wa ziwa, na mwaka uliofuata likaunda ofisi ya kamishna wa ziwa. Zamani mkulima aliyeacha maji yapite alihatarisha kunyang'anywa. Naiona sheria hiyo kuwa hatua kubwa kuliko pampu zote za 1987, ila kasi ya kuitumia bado ni ndogo mno ukilinganisha na upungufu.

Kuna jambo moja utakaloliona ukiruka na ndege juu ya ziwa: nusu ya kaskazini ni ya waridi na ya kusini ni ya kijani-buluu. Reli imelikata ziwa kwa tuta la mawe lililokamilika 1959. Mito yote huingia kusini, kwa hiyo kaskazini imebaki na chumvi nyingi kiasi kwamba ni vijidudu vyekundu tu vinavyostahimili. Mwaka 2022 upande wa kusini ulifikia chumvi karibu asilimia 19, wakati bahari ina 3.5. Nzi na uduvi walielemewa, na ndege wanaowategemea nao wakawa hatarini. Ndiyo sababu mapema 2023 waliinua kizuizi kwenye tundu la tuta hilo, maji machache yaliyopo yabaki kusini.

Nakuru hesabu iko kinyume. Ziwa lenu hulishwa na mito midogo, Njoro, Makalia, Nderit na mingine, pamoja na chemchemi za upande wa mashariki. Kuanzia 2010 mvua za Bonde la Ufa zimekuwa nyingi mfululizo, na si Nakuru peke yake iliyopanda. Baringo, Bogoria na Naivasha nazo zilipanda. Ziwa moja likifura unaweza kutafuta sababu ya mahali hapo. Yakifura yote kwa pamoja, tazama mvua. Wapo wanaosema ardhi imepasuka chini na kutoa maji. Mimi naona mvua inatosha kueleza sehemu kubwa. Juu ya mvua kuna msitu wa Mau uliokatwa miti: maji hayazami tena ardhini kama zamani, hutelemka haraka na udongo, na udongo huinua sakafu ya ziwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu huisahau. Salt Lake City na mashamba yake huchukua maji yaliyokuwa yakielekea ziwani. Nakuru, ambayo ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, hutumia maji ambayo sehemu yake hutoka visimani na nje ya bonde, kisha maji taka yaliyosafishwa huishia ziwani. Paa na lami za jiji linalokua humwaga mvua yote hukohuko. Mji mmoja hunywa ziwa lake, mwingine huliongezea.

Nije kwenye vumbi. Maji yaliporudi nyuma Utah yaliacha wazi sakafu ya takriban kilomita za mraba 2,000. Tope hilo limekusanya aseniki, ambayo ni sumu, na metali nyingine, baadhi kwa asili, baadhi kutoka migodini na viwandani kwa zaidi ya miaka 100. Kevin Perry wa Chuo Kikuu cha Utah alizunguka sakafu hiyo kwa baiskeli akichukua sampuli, na matokeo yake yana pande mbili. Aseniki ipo kwa viwango visivyofaa ardhi ya makazi. Lakini sehemu kubwa ya sakafu imefunikwa na gamba gumu la chumvi linalozuia vumbi. Sehemu iliyokuwa ikitimka wakati ule ilikuwa chini ya moja ya kumi. Gamba hilo likivunjwa na magari au kumomonyoka kwa miaka mingi, eneo hilo hukua. Usiwaruhusu vijana kuendesha pikipiki na magari ya michezo kule juu.

Kwa hiyo sikwambii uhame. Vumbi hutoka siku za upepo mkali, mara nyingi kabla ya dhoruba, na wanaolipata zaidi ni walio karibu na Farmington Bay, kaskazini mwa mji. Siku hizo funga madirisha, watoto wacheze ndani, na mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Idara ya ubora wa hewa ya jimbo hutangaza vipimo kila saa kwa rangi. Ikifika ya chungwa au nyekundu, fuata. Kwa sasa hewa inayowaumiza zaidi watoto wa bonde hilo ni ile ya majira ya baridi, baridi inapolala chini kama imefunikwa na kuzuia moshi wa magari na majiko usitoke. Hofu ya vumbi la ziwa ni ya miaka ijayo zaidi kuliko ya leo, nayo si ya kubuni. Los Angeles ilianza kuchukua maji yanayolisha Ziwa Owens mwaka 1913, ziwa likakauka, na sakafu yake ikawa chanzo kikubwa kuliko vyote cha vumbi la aina hiyo Marekani. Mji huo umetumia zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza vumbi, na lile lilikuwa ziwa dogo mara nyingi kuliko la Utah, lenye watu wachache kandoni. Salt Lake City na miji iliyoungana nayo ina zaidi ya watu milioni moja. Kama una haki ya kupiga kura, waulize wagombea wako wa bunge la jimbo kuhusu maji ya mto Bear.

Kuhusu mama, mwambie asijenge. Maji yaliyopungua hatua chache hayajaondoka. Yanapumzika, na mvua mbili nzuri zitayarudisha. Apime kuanzia alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika, kama sheria za maji za Kenya zinavyopima kingo za ziwa, wala asipime kuanzia ufuko anaouona leo. Ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji inaweza kumwonyesha alama hiyo. Mimi ningeongeza mita 2 za kimo juu yake kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu ziwa hilo limewahi kuvunja rekodi yake na litavunja tena.

Jambo lingine, hata pale ambapo maji hayaonekani juu, chini yamepanda. Vyoo vya shimo vilivyozama vimechafua visima vya karibu, na maji ya chini ya ardhi Nakuru yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Asitumie kisima cha zamani kabla hakijapimwa yote mawili, vijidudu na floraidi.

Kiwanja akitunze, maana ni chake. Udongo uliokaa chini ya ziwa utakuwa na magadi, na mahindi yatanyauka msimu wa kwanza. Apeleke sampuli ya udongo maabara ya kilimo ya kaunti, na kwa misimu michache apande nyasi za malisho zinazovumilia chumvi huku mvua ikiosha ardhi. Nyumba aijenge juu zaidi, hata ikiwa ni ndogo kuliko ile ya kwanza.